Kuandikishwa si kusoma: niliyoyaona likizo Bukundi

Najua nimepotea, wengine mmeniuliza hadi kwenye foleni ya kantini kama huu ukurasa umekufa. Haujafa jamani. Nilikuwa likizo nyumbani Bukundi. Kwa wale ambao hamjafika, ni wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Ukitoka Bariadi unapita Maswa, unaenda hadi Mwanhuzi, halafu unaendelea kusini kuelekea Mto Sibiti. Ni vumbi, pamba, ng'ombe na mibuyu. Nimerudi na mengi, ila leo naomba niongelee moja tu.

Muhula umeanza na mabishano yale yale ya semina. Kundi moja linasema shule maalumu zifungwe, watoto wote wakae darasa moja, ndiyo elimu jumuishi. Kundi lingine linasema hiyo ni ndoto, watoto wenye mahitaji maalumu waachiwe waliosomea Patandi. Nilinyamaza siku hiyo, maana kichwani nilikuwa na watoto wawili ambao makundi yote mawili yangewakosa. Sasa nasema hapa.

Likizo nilijitolea kufundisha shule moja ya msingi kijijini, jina naliacha. Darasa la tatu lina watoto 97 na mwalimu mmoja. Kati yao yuko binti mwenye ualbino. Siku ya kwanza mwalimu wa darasa alinionyesha kwa kidevu, akaniambia kwa upole tu, "Yule yupo, ila hashiki kitu." Mwalimu mwenyewe si mtu mbaya, tena ni mchapakazi hasa. Binti alikuwa amekaa nyuma kabisa, ukutani. Nilishangaa, maana sote tumefundishwa kwamba mtoto mwenye uoni hafifu akae mbele. Kumbe mbele ndiko kwenye dirisha lisilo na kitu, jua la asubuhi linaingia lote. Mtoto mwenye ualbino mwanga unamuumiza macho. Kwa hiyo amejichagulia mwenyewe: giza la nyuma ambako haoni ubao, badala ya mwanga wa mbele ambako hafungui macho. Yaani mtoto wa miaka tisa ameyapima hayo peke yake, na hakuna aliyemuuliza.

Wengi wanadhani ualbino ni ngozi tu. Jicho nalo linakosa rangi yake, na sehemu ya nyuma ya jicho, ile inayoshika vitu vidogo, haikui inavyotakiwa. Ndiyo maana macho yao yanachezacheza, na ndiyo maana miwani inasaidia kiasi lakini haimalizi tatizo. Mtoto wa namna hii hahitaji nukta nundu. Anasoma maandishi ya kawaida kabisa, mradi yawe makubwa, meusi, na karibu na uso wake.

Basi tulihangaika na mwalimu wake. Tulimhamisha mbele upande wa ukuta, dirisha likawa mgongoni kwake. Tukamwomba mwalimu mkuu amruhusu avae kofia hata ndani ya darasa, akakubali. Mazoezi ya ubaoni nikawa namnakilia kwenye karatasi kwa kalamu nene ya wino mweusi. Hesabu za kujumlisha alizokuwa anaambulia sifuri, wiki ya pili akapata 6 kati ya 10. Zile nne alizokosa alikosa kama wenzake, kwa kusahau kubeba. Nilifurahia makosa yake kuliko hata alichopata, kwa sababu safari hii amekosa HESABU, hajakosa ubao.

Sasa ngoja niwape upande wa pili. Shule hiyo hiyo, darasa la kwanza, yuko kijana wa kama miaka kumi asiyesikia. Kwao wanasema aliugua homa kali akiwa mdogo. Yuko darasa la kwanza kwa mara ya pili. Watoto wenzake wanampenda, wamejitungia naye ishara: ya maji, ya ng'ombe, ya twende. Kwa kuchunga zinatosha. Lakini hazina jana wala kesho, hazina kwa nini. Nilijaribu kumkalisha mbele, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaongea taratibu. Haikufaa kitu. Huyu hakukosa kuona wala akili. Amekosa lugha, na lugha mtu haipati kwa kukaa karibu na ubao. Anahitaji watu wanaoongea kwa alama kuanzia asubuhi hadi jioni, watoto kwa walimu. Kumwacha darasa la watoto 80 wanaosikia halafu tukaita jumuishi, mimi naona ni kumfungia upweke kwenye sare ya shule.

Mnaona ninakoelekea? Watoto wawili, shule moja, jibu tofauti kabisa. Yule binti angeweza kumaliza shule pale pale kijijini kwa kofia, karatasi na kiti mahali sahihi. Huyu kijana anahitaji kwenda kwenye viziwi wenzake. Shule ya Viziwi Tabora ipo tangu 1963, na Buhangija pale Shinyanga wanapokea viziwi pia. Lakini wa kuyasema hayo kwa mzazi na kwa mwalimu nani? Kinachokosekana kwanza si jengo. Ni mtu mmoja anayejua, mwenye pikipiki, anayezunguka shule kwa shule, hata mara moja kwa mwezi. Anapima macho na masikio, anamwonyesha mwalimu wa kawaida cha kufanya, anaondoka, anarudi kuangalia kama kinafanyika.

Na hii si huruma, ni sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na inasema anayesoma shule ya kawaida apewe huduma za kumsaidia na mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Isome tena hiyo sentensi. Ina binti yetu na kijana wetu wote wawili ndani yake. Waliotunga waliwaona.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi nao ndio unanichekesha kwa uchungu. Baraza la Mitihani huwa linamwandalia mtahiniwa mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa, na wenye mahitaji maalumu wanaongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Jambo zuri sana, nalipongeza. Lakini fikiria mtoto anayeona maandishi makubwa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Siku mbili za kuona, baada ya miaka yote ya kubahatisha!

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya kozi vinalipita haraka. Bukundi ilikuwa mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoundwa 2012, na sisi wa kanda ile tunakumbuka miaka ya kuanzia 2006 na 2007, watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Buhangija na Mitindo kule Misungwi zikawa kimbilio. Watoto walipelekwa kwa ajili ya usalama kwanza, shule baadaye. Kwa hiyo kwetu ukimwambia mzazi "bweni," hasikii elimu, anasikia kuficha.

Nilienda kumsalimia mama wa yule binti, jioni, anachambua mchicha. Nikamuuliza, "Mayu, umeshawahi kufikiria kumpeleka Shinyanga?" Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mwalimu, hapa yuko kwenye macho yangu ila haoni ubao. Kule ataona ubao ila simuoni. Wewe umesoma, niambie nichague lipi." Jamani, mimi na semina zangu zote nilikosa la kujibu. Nikamsaidia kuchambua mchicha.

Lakini nimelifikiria tangu siku ile, na jibu langu ni kwamba mama yule hakutakiwa kuulizwa swali hilo kabisa. Mwanae hahitaji kuondoka. Kinachomlazimisha kuchagua kati ya usalama na ubao ni kukosekana kwa mtu wa pikipiki. Lingekuwa swali la haki kwa wazazi wa yule kijana, kwa sababu kwao bweni lina kitu ambacho kijiji hakina. Kwa mama huyu, bweni lingempa kile ambacho kalamu nene inampa.

Kuna mtakaosema walimu wa elimu maalumu ni wachache, hawatoshi kuzunguka. Sawa, ni wachache. Ila namjua mmoja mwenye stashahada ya uoni hafifu aliyepangiwa shule ya kawaida, anafundisha Kiswahili darasa la tano, cheti kiko sandukuni. Huyo tayari analipwa mshahara. Mpunguzie vipindi, mpe pikipiki na mafuta, mpe orodha ya shule. Mimi si mchumi, lakini naamini ni nafuu kuliko bweni jipya.

Halafu na sisi, wadau. Wengi wetu tutapangiwa vijijini tukimaliza, tutake tusitake, na wengi hatukusomea elimu maalumu zaidi ya kozi moja ya kudesa usiku wa mtihani. Hatuwezi kuwa wataalamu wa kila kitu, ila kuna vitu havihitaji cheti. Soma kwa sauti kila unachoandika ubaoni. Simama ukiwaangalia wanafunzi unapoongea. Usilazimishe mtoto mwenye ualbino kushinda mstarini juani, mwache avae kofia na mikono mirefu. Ukipata nafasi uliza mafuta ya kuzuia jua, yale ya KCMC Moshi yametengenezwa kwa ajili yao. Na kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba mtoto hashiki kitu, mpe kitu hicho hicho kwa njia nyingine uone.

Kabla sijaondoka niliacha kalamu tatu nene na rimu moja ya karatasi, vilitoka kwenye masalia ya bumu. Juzi nimempigia mwalimu wa darasa, kasema kalamu mbili zimekauka, ya tatu bado inaandika. Kwa hiyo anayesafiri kwenda Mwanhuzi wiki ijayo tafadhali anitafute, nina kaboksi kadogo ka kutuma.

Naomba kuwasilisha. Mwenye mawazo tofauti alete, tubishane kwa hoja. Tupo pamoja.