Walioshindwa Nao Wana Hadithi

Wenzangu tunaoandika, tunapenda mno washindi. Hebu leo niwapeleke Japani, kwenye ukoo mmoja wa samurai ulioshindwa ukaisha: Taira, ambao pia huitwa Heike.

Hawa walikuwa watu wa upanga, waliodharauliwa na mabwana wakubwa wa Kyoto. Mwaka 1160 mkuu wao, Kiyomori, aliwavunja mahasimu wake, ukoo wa Minamoto. Kijana wao mmoja, Yoritomo, akamwachia roho yake, akampeleka uhamishoni. Mwaka 1167 Kiyomori akapanda hadi cheo cha juu kabisa serikalini. Mwaka 1180 mjukuu wake Antoku, kitoto kidogo bado, akakalishwa kwenye kiti cha enzi. Heike wakaona wamefika!

Kumbe yule aliyesamehewa hakusahau. Vita vikalipuka mwaka uleule. Kiyomori akafa kwa homa mwaka 1181. Mwaka 1185, kwenye mlangobahari wa Dan-no-ura, jeshi la Heike likamalizwa majini. Bibi yake Antoku akamkumbatia mjukuu wake wa miaka sita, wakazama naye.

Yoritomo akawa shogun mwaka 1192. Je, alidumu? Mwaka 1219 mwanawe, shogun wa tatu, aliuawa na mtoto wa kaka yake, na uzao wa Yoritomo ukapoteza kiti.

Lakini Heike, bwana, hawakunyamaza. Vipofu walizunguka nchi wakiimba habari zao kwa biwa, chombo cha nyuzi kinachofanana na udi. Mwaka 1371 mmoja wao, Kakuichi, alisimamia kuandikwa kwa masimulizi hayo. Ninachowapendea ni kwamba hawakumsafisha Kiyomori. Kiburi chake kimo, ukatili wake umo. Hata hivyo mtoto anapozama, unalia.

Mimi nina mswada wa kurasa tisini, habari za familia iliyofilisika. Mjomba, ambaye ndiye anayenilisha tangu nimalize kidato cha nne, ananiambia, "We kijana, nani atanunua hadithi ya walioshindwa? Tafuta kazi." Kazi natafuta, Mjomba, na shikamoo yako iko palepale. Ila mswada siuchomi. Nitakachobadilisha ni kimoja tu: yule baba niliyemfanya malaika nitamrudishia ubahili wake na ngumi zake. Msomaji akishamjua hivyo, ndipo aamue kama atamlilia.