Goma: Mwalimu akichoka, ni nani anatuliza watoto?

Mvua ikianza kupiga mabati, mtoto mmoja wa mwaka wa tatu katika shule ya msingi ya mtaa wa Ndosho, magharibi ya mji wa Goma, anaingia chini ya benchi. Haombi ruhusa. Anaziba masikio kwa mikono miwili na hatoki mpaka mvua ikatike. Mwanzoni wenzake walikuwa wakimcheka. Sasa hawamcheki tena, kwani wengi wao nao wanajua sauti ile inakumbusha nini.

Mtoto huyo alikimbia Masisi pamoja na mama yake, wakakaa katika kambi ya Bulengo chini ya hema la plastiki. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mjini Goma. Mwezi wa Februari kambi zikavunjwa, na kila familia ikatafuta njia yake. Wengine walirudi vijijini, wengine walibaki mjini kwa ndugu na marafiki. Mama yake alipata chumba kimoja kwa shangazi yake, na humo wanalala watu tisa.

Mwalimu wa mtoto huyo naye ni mkimbizi wa vita. Alitoka Sake mwanzoni mwa mwaka 2024 na watoto wake watatu, godoro moja na mfuko wa madaftari. Darasani ana wanafunzi zaidi ya themanini. Tangu serikali itangaze mwaka 2019 kwamba masomo ya msingi ni bila malipo, madarasa mengi yalijaa, na watoto waliokimbia vita wakaongezeka juu yao. Benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, kupata mshahara kukawa kazi nyingine juu ya kazi. Kuna asubuhi anafika shuleni akiwa amekwisha kuteka maji, kuuza makala mbele ya nyumba, na kutembea kwa miguu juu ya mawe ya volkano kwa sababu hana pesa ya pikipiki.

Siku moja mvua ilinyesha katikati ya hesabu. Mtoto akaingia chini ya benchi kama kawaida. Mwalimu alikuwa na kichwa kinauma tangu usiku. Akapiga fimbo juu ya benchi na kumpigia mtoto kelele atoke. Mtoto alijikojolea. Darasa lote likanyamaza.

Mwalimu alitoka nje, akasimama nyuma ya vyoo huku mvua ikimnyeshea, akalia. Mwalimu wa mwaka wa sita, mzee aliyefundisha zaidi ya miaka thelathini, alimfuata. Hakumpa mahubiri. Alimuuliza tu: «Mama, tangu jana umekula?» Alikuwa hajala. Mzee alituma mtoto mkubwa kununua mandazi mawili, akaenda mwenyewe kusimamia darasa lake mpaka saa ya mapumziko.

Kutoka siku hiyo walimu saba wa shule hiyo walianza kukaa pamoja kila Ijumaa baada ya masomo, nusu saa, katika darasa la mzee. Walikubaliana mambo matatu: kila mmoja aseme juma lake lilivyokuwa, hakuna kumkata mwenzake maneno, na kinachosemwa hapo hakitoki nje. Kuna aliyesema halali usiku. Kuna aliyesema anaogopa hasira yake mwenyewe. Mkurugenzi wa shule alipojua alikuja akakaa nao, akasema kwamba hata yeye kila asubuhi roho inakuwa juu.

Maneno hayo ndiyo mama mwalimu aliyapeleka darasani. Kila asubuhi, kabla ya kusoma, anauliza watoto wako namna gani, nao wanajibu kwa maneno ya nyumbani: roho juu, moyo mzito, kichwa moto, au nimetulia. Mtoto asiyetaka kusema anaweka jiwe dogo jeusi juu ya meza ya mwalimu, na mwalimu anajua kwamba huyo atamkaribia polepole siku hiyo. Kazi hiyo inachukua dakika kumi. Mtoto anayeweza kuliita jina lile linalomsumbua anaanza kupata njia ya kulishika, na mwenzake anayemsikia anajifunza kutompiga wala kumcheka.

Kuna pia zoezi la pumzi. Watoto wanafanya kama wameshika sahani ya bugali wa moto: wanavuta harufu polepole kwa pua, kisha wanapuliza polepole ili upoe. Mara tano. Pumzi ndefu ya kutoka inapunguza mbio za moyo, na mwili unapata habari kwamba hatari haiko hapa sasa. Zoezi hilo halihitaji chaki wala kitabu, na mzazi anaweza kulifanya nyumbani usiku, mtoto akishtuka usingizini.

Mambo haya yamewahi kujaribiwa Congo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la IRC lilifundisha walimu wa shule za msingi huko Katanga namna ya kufanya darasa liwe mahali pa kutuliza watoto, na watafiti wakafuata matokeo. Watoto waliona kwamba walimu na shule vinawajali zaidi. Lakini uchovu wa walimu wenyewe haukupungua. Kumfundisha mwalimu namna ya kutuliza mtoto hakumlipi mshahara, na hakumwondolei wanafunzi themanini katika chumba kimoja.

Walimu wa Ndosho wanalijua hilo bila kusoma utafiti. Kati ya wale saba wa Ijumaa, wawili wameacha kazi. Mmoja anaendesha pikipiki, mwingine anauza sambaza. Mama mwalimu mwenyewe amewaambia wenzake kwamba atamaliza mwaka huu, halafu ataona.

Komiti ya wazazi ilipopata habari haikuwa na pesa ya kutoa. Ilitoa kile ilichokuwa nacho: mama wawili wanapokezana kuja asubuhi kusaidia kupanga watoto wadogo, na wazazi walikubali kutomwita mwalimu mvivu mbele ya watoto wakati mshahara wake umechelewa. Ni kidogo, lakini walimu walisema kiliwagusa. Wenye madaraka ya masomo nao wanangojewa: mshahara kwa wakati, na darasa ambalo mwalimu anaweza kujua jina la kila mtoto.

Juma lililopita mvua ilinyesha tena. Mtoto aliingia chini ya benchi. Mama mwalimu alisimamisha somo, akaambia darasa lipulize bugali. Sauti themanini zikapuliza pamoja chini ya mabati. Mtoto hakutoka. Lakini mkono mmoja uliachia sikio, na aliyekaa karibu naye aliona kwamba naye alikuwa anapuliza.