Ile Video Yangu ya Switchfoot Iliruka Miaka 15

Wiki iliyopita, saa tano usiku, nilipata meseji. Kijana wa mwaka wa pili, chuo sitakitaja. Aliandika: "Sasa bro. Ile video yako ya Switchfoot nimeiangalia kama mara kumi. Nimeamua, kesho naacha campo. Asante kwa kunipa moyo."

Nilikuwa nakula chapo na maharagwe. Chapo ilikwama hapo hapo kooni.

Kwa wale hamkuiona, ni video ya sekunde 40. Nimekaa kwa kitanda, gitaa iko ukutani nyuma yangu, nasema: Jon Foreman aliacha chuo kikuu San Diego ili aimbe na bendi yake. Leo wana Grammy. Wewe unaogopa nini? Halafu napiga gitaa kidogo, kwisha. Ndiyo video yangu iliyoangaliwa kuliko zote.

Hakuna uongo hapo ndani. Shida ni yale mambo niliyaruka. Leo nayarudia moja moja, na yangu pia nitayasema, kwa hivyo tulieni.

Switchfoot walianza 1996 huko San Diego, California. Ndugu wawili, Jon na Tim Foreman, na rafiki yao Chad Butler kwa drams. Baba yao kina Foreman ni mchungaji. Hawa ni watoto wa bahari, wa kuteleza juu ya mawimbi na ubao, na hata jina la bendi lilitoka huko. Switchfoot ni kubadilisha mguu ulio mbele ukiwa bado juu ya ubao. Unageukia upande ule mwingine lakini hujashuka. Shika hiyo, nitaihitaji baadaye.

Walichukuliwa na lebo ndogo ya Charlie Peacock iliyoitwa re:think. Kabla albamu yao ya kwanza, The Legend of Chin, itoke 1997, hiyo lebo ikanunuliwa na Sparrow, kampuni ya muziki wa injili. Basi CD zao zikapelekwa kwa maduka ya vitabu vya Kikristo. Sasa fikiria: unataka kuimbia kila mtu, hata yule hajawahi kuingia kanisa, halafu muziki wako unauzwa mahali yeye hawezi kuingia.

Hapo ndipo walipigwa muhuri wa "bendi ya Kikristo". Tangu siku hizo wamekuwa wakieleza kwamba Ukristo ni imani yao, si aina ya muziki. Naelewa hiyo kitu kabisa. Mimi nilikuwa napiga besi kanisani kwetu mtaani. Jumapili moja ya vijana nikaanza kupiga wimbo wao, na kiongozi akaniuliza mbele ya watu: huo ni wa Mungu ama wa dunia? Nilikosa jibu. Nikarudi kwa zile nyimbo tulizozoea.

Turudi kwa bendi. Walitoa albamu nyingine 1999, nyingine tena 2000. Wangapi hapa mlikuwa mnazijua? Halafu 2002 ikatoka filamu ya A Walk to Remember. Kama uliwahi kulia ukiangalia Mandy Moore akiimba "Only Hope", ulikuwa unalilia wimbo wa Switchfoot, na ulikuwa umeshatoka 1999 kwa albamu yao. Miaka mitatu ulikuwa umekaa tu hapo.

The Beautiful Letdown ikafuata 2003, na hiyo ndiyo ilienda, ikauza zaidi ya nakala milioni 2. Mojawapo ya nyimbo zilizowabeba ni "Dare You to Move". Huo nao haukuwa mpya. Walikuwa wameutoa 2000, wakaurekodi tena.

Hesabu na mimi. Kutoka 1996 hadi 2003 ni miaka 7. Na ile Grammy niliringa nayo kwa video? Waliipata 2011, kwa ajili ya albamu ya Hello Hurricane. Hiyo ni miaka 15 tangu waanze. Kwa video yangu, miaka 15 ilichukua kama sekunde tatu.

Na hata katikati hapo mambo hayakuwa laini. 2005 albamu yao ya Nothing Is Sound iliingia namba 3 kwa chati ya Billboard. Lakini Sony BMG walikuwa wameweka programu ya kuzuia kunakili ndani ya CD, na mashabiki wakashindwa kuhamisha nyimbo walizonunua na pesa zao. Tim Foreman mwenyewe akaingia mtandaoni akawaeleza mashabiki jinsi ya kuizunguka. Baadaye ikajulikana kuwa hiyo programu ilikuwa inajificha ndani ya kompyuta za watu, na kampuni ikalazimika kurudisha CD hizo. Msanii akichagua mashabiki mbele ya kampuni inayomlipa, huyo anajua anaimbia nani.

2007 wakaachana na Columbia, lebo yao kubwa, wakaanzisha yao inayoitwa lowercase people. Mwaka wa 2018 walipumzika kama bendi, wakarudi 2019 na Native Tongue. Na 2023, miaka 20 baadaye, wakairekodi upya The Beautiful Letdown yote, wimbo kwa wimbo. Wale watatu walioanza nao, Jon, Tim na Chad, bado wako pamoja.

Sasa ile maana ya jina. Hawa watu wamebadilisha mguu mara nyingi sana: duka la Kikristo, redio za kawaida, lebo kubwa, lebo yao. Lakini kila mara walikuwa juu ya ubao. Jon alipoacha chuo hakuwa anaruka hewani. Alikuwa na ndugu yake, na rafiki, na nyimbo.

Mimi je? Hii ndiyo sehemu sijawahi kusema hapa.

Kwa bio yangu nimeandika "niliacha campo nikafuata ndoto". Ni uongo. Mwaka wa kwanza HELB iliingia nikanunua simu na spika. Mwaka wa pili nikawa na deni la karo, siku ya mtihani jina langu halikuwa kwa orodha. Hakukuwa na ndoto yoyote. Nilikuwa na aibu tu. Nilikaa hosteli ya nje miezi minne nikimwambia mathe masomo yako sawa, na yeye anauza mboga na kunitumia pesa ya chakula kila Ijumaa. Alijua kupitia binamu yangu. Nilifikiri atapiga kelele. Aliniuliza tu, "Kijana yangu, si ungeniambia?"

Kontenti ilikuja baada ya hapo, kwa sababu simu nilikuwa nayo na kazi sikuwa nayo. Siku moja mtu akaniuliza mbona niliacha shule, nikajibu kama shujaa, watu wakapenda, nikaendelea kujibu hivyo. Mwezi uliopita kontenti ilinilipa shilingi 6,200. Nyumba ni 5,000. Piga hesabu ya unga mwenyewe.

Sijutii kila kitu. Napenda hii kazi, na naamini naendelea kuwa mzuri. Lakini mimi sikubadilisha mguu. Nilianguka kwa maji, nikaanza kutafuta ubao nikiwa huko ndani, halafu nikawaambia wengine warukie.

Kwa hivyo yule kijana nilimpigia simu usiku huo huo. Sikumwambia asiache campo, mimi ni nani wa kumwambia? Nilimuuliza maswali matatu. Unaenda kufanya nini, hasa? Uko na nani? Na nyumbani nani anajua?

La kwanza akasema "muziki". Nikamuuliza ana nyimbo ngapi. Akanyamaza. La pili akanyamaza. La tatu akanyamaza sana, mpaka nikafikiri kredo imeisha. Halafu akasema polepole, "Bro, nimefeli yuniti mbili. Siwezi kumwambia buda."

Wasee, nilijisikia nikiongea na mimi wa miaka miwili iliyopita.

Nikamwambia aanze na hiyo. Ya kuacha ama kubaki itakuja baadaye, lakini kwanza amwambie babake, kabla binamu fulani hajamwambia. Yuniti mbili zinarudiwa. Miezi minne ya kudanganya mzazi hairudiwi, mimi hadi leo mathe akiniuliza "uko sawa?" naona akiangalia uso wangu mara mbili.

Bado hajaniambia kama aliongea. Simsukumi.

Ile video nimeitoa. Najua ndiyo ilikuwa inaniletea wafuasi, mniache tu. Na bio nimebadilisha pia. Nitatengeneza nyingine ya Switchfoot, ya dakika 15, dakika moja kwa kila mwaka kabla ya Grammy. Wengi mtachoka mkifika dakika ya nne. Hapo kwa dakika ya nne ni mwaka wa 2000, wameshatoa albamu tatu, na filamu hata haijatoka.