DADA WA MBAGALA AGOMA KUMCHINJA KUKU MGONJWA, MAJIRANI WABAKI MIDOMO WAZI

Mdondo ulishabeba kuku sita wa dada mmoja wa Mbagala. Akabaki tetea mmoja tu, aliyeachiwa na marehemu mama yake, kalegea hadi shingo hainyanyuki. Majirani wakamwambia, "Chinja kabla hajafa, angalau upate mchuzi." Dada akajibu, "Mama nilishindwa kumuokoa, na huyu nisijaribu?"

Akamweka kwenye boksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga. Uji mwepesi akampa kwa bomba la sindano, tone kwa tone pembeni ya mdomo asipaliwe. Usiku anaamka mara mbili.

Siku ya tano tetea huyoo, kasimama anadonoa pumba!

Mdondo hauna dawa, kinga ni chanjo tu. Sasa dada haikosi, kila miezi 3.

Je, wewe ungechinja?