Kubadili Mafuta ya Breki Uani: Chombo Kipi Kinunuliwe

Ndugu zangu, mmeniuliza mara nyingi, arusini na hata msibani, ile chupa yenye mipira ninayoitandaza chini ya gari uani kwetu Overport ni ya kazi gani, na kama inafaa kununuliwa. Kwa kuwa kamati ya kitabu imenipa ukurasa, nitajibu hapa, kisha mniache nile pilau kwa amani.

Akaaye Overport hahitaji kuelezwa mteremko. Ukishuka na Moses Kotane, ambayo sisi wa zamani bado twaiita Sparks Road, mguu haubanduki kwenye breki. Lakini huo ni mteremko wa watoto ukiulinganisha na Field's Hill, kule ambako barabara ya M13 inatoka Kloof kuingia Pinetown. Septemba 2013 lori lilishindwa kusimama pale likavamia teksi, wakafa watu zaidi ya 20. Sisemi kwamba lori lile lilikuwa na mafuta mabovu ya breki. Nasema mlima ule hausamehe.

Mpwa wangu alipita huko huko akirudi kutoka Pietermaritzburg, na watoto wanne kiti cha nyuma. Katikati ya mteremko akakanyaga breki, pedali ikazama kama sponji. Akateremsha gia, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akafika chini salama. Siku ya pili tukalifungua gari. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa, na huku gereji moja ilikuwa imemtoza fedha za kuyabadili miezi mitatu nyuma. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaleta magari kwangu.

Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Durban mnaijua: hata chumvi haimwagiki mezani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye joto lisilopungua nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji ya kama asilimia 3.7, kiwango chao cha chini ni nyuzi 155 tu. DOT 3 hutoka 205 hadi 140. Breki zikipata moto mlimani, maji hugeuka mvuke, na mvuke hushindilika, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kwenye mvuke badala ya kufika gurudumuni. Mimi huyabadili kila baada ya miaka 2.

Sasa chombo. Njia ya kwanza haina gharama: mpira, chupa, spana na watu wawili. Mmoja anakanyaga, mwingine amelala chini anafungua na kufunga skrubu ya kutolea hewa. Miaka mingi mkanyagaji wangu alikuwa mama watoto. "Kanyaga! Shikilia! Haya, achia!" Majirani walidhani twagombana. Lakini siku hizi yeye ana zamu za usiku hospitalini na mchana analala, na watoto wetu mmoja yuko Cape Town, mwingine Muscat. Nimwite nani? Tena kwa gari kuukuu njia hii ina hatari yake: ukikanyaga hadi chini kabisa, mipira ya ndani ya masta silinda hufika mahali penye kutu ambapo haijawahi kufika, ikachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali.

Njia ya pili ni pampu ya mkono ya kufyonza, unafyonza kwenye gurudumu. Inafanya kazi, nayo ni ya mtu mmoja, ila mimi siipendi, kwa sababu hufyonza na hewa inayopenya kwenye nyuzi za skrubu. Utaona mapovu yanakuja, yanakuja, wala hujui kama yanatoka ndani ya breki au nje. Chombo kinachokuacha na shaka usiku ule ule unapotaka kusafirisha watoto, cha nini?

Nilichochagua ni cha kusukuma kutoka juu. Changu ni Eezibleed ya kampuni ya Gunson, ya Uingereza, kinachotumia hewa ya tairi la akiba lililopunguzwa upepo hadi chini ya paundi 20. Hewa inasukuma mafuta mapya kutoka kwenye chupa; wewe unazunguka peke yako gurudumu hadi gurudumu, ukianza na lile la mbali kabisa na masta silinda (isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine), hadi yatoke meupe. Taabu yake ni kifuniko. Huja na vifuniko kadhaa, na kwa Corolla yangu, mzaliwa wa Prospecton hapa hapa Durban, cha tatu ndicho kilichokaa. Pima kabla ya kulipa. Na ujaribu kwanza kwa hewa tupu, maana kikivuja, mafuta ya breki yanakula rangi ya gari kuliko jua la Januari.

Kisipokaa hata kimoja, nunua mpira wenye vali ya njia moja, ukanyage mwenyewe taratibu huku ukichungulia chupa isikauke. Magari yenye ABS hubadilishwa vivyo hivyo, ila hewa ikiingia kwenye kile kisanduku chake huenda ikahitaji kompyuta ya fundi. Na gari lisimame juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Hapo sina mjadala na mtu.

Chombo kiko kwangu. Anayekitaka aje Jumapili kuanzia saa nne asubuhi, na chupa mbili za nusu lita ambazo hazijafunguliwa. Spana ninazo.