Kisumu, Ncha ya Pili ya Reli Yetu

Wengi wetu wa Pwani huuhesabu Kisumu kuwa mji wa ugenini. Lakini reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 haikukusudiwa kuishia Nairobi, ambayo siku hizo haikuwa hata kijiji. Ilikusudiwa kufika ziwani, nako ilifika Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence kwa ajili ya mke wa mhandisi mmoja. Siku hizo Kisumu ilikuwa sehemu ya Uganda, na haikuingizwa upande wetu ila mwaka 1902. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wakiwamo Waislamu wengi wa Punjab, na yapata 2,500 wakafia kazini. Mwenyezi Mungu awarehemu ndugu zetu waliokuwa miongoni mwao.

Reli hiyo ilipeleka pia watu wa kwetu. Walikwenda kwa kazi na biashara, wakaoa, wakaozesha, wakazikwa huko. Ndiyo maana katika mtaa wa Kaloleni, Kisumu, utasikia Kiswahili chenye ladha ya Mombasa vinywani mwa watu wasiopata kuiona bahari. Treni ya abiria ilipokoma kwa miaka mingi, hasara haikuwa ya wafanyabiashara tu. Mzee asiyeweza kukaa usiku kucha ndani ya basi alikatikiwa na jamaa zake. Nina shangazi aliyepita miaka tisa bila ya kumwona nduguye wa tumbo moja, nao wote wawili wako hai. Kuunga udugu tumeamrishwa sote, lakini kuna amri ambayo mtu mzima wa miaka sabini hushindwa kuitekeleza kwa kukosa chombo tu.

Treni ya Nairobi na Kisumu ilirudi Desemba 2021, juu ya reli ile ile nyembamba ya zamani. Tulimpeleka shangazi kwa njia hiyo. Kutoka Miritini kwa reli mpya iliyofunguliwa 2017 ni mwendo wa saa tano hivi, na raha tupu. Taabu iko Nairobi: reli mpya huwashusha nje ya mji, na ya Kisumu huondokea kituo cha zamani mjini kati. Kuna treni ndogo ya kuunganisha, lakini kwa ajuza mwenye mikoba mitatu na kapu la maembe, kule kupanda na kushuka ndiko safari yenyewe. Reli mpya nayo ilisogezwa hadi Suswa mwaka 2019, ikakwama hapo kwa miaka. Kwa maoni yangu, nchi iliyoweza kuwafikisha watu ziwani mwaka 1901 bila ya kubadili behewa haina udhuru.

Tuliondoka Ijumaa jioni. Akina mama wameniuliza sana juu ya sala, basi nieleze. Magharibi na Isha tulizikusanya, Isha tukaipunguza rakaa mbili. Alfajiri haikusanywi wala haipunguzwi, na hapo treni imekwisha kushuka milima ya Mau na kukaribia mashamba ya miwa ya Muhoroni. Chukueni chupa ya maji ya kutawadhia. Kwa kuwa treni inaelekea magharibi, kibla kitakuwa upande wenu wa kuume. Lakini reli hupinda, basi kila inapopinda nanyi geukeni ili mbaki mmeelekea kibla. Shangazi alisali ameketi, nami nikamshika bega asiyumbe.

Kisumu yenyewe haina treni ya mjini. Watu huenda kwa matatu, bodaboda na tuktuk. Bodaboda ni ya haraka na ya bei nafuu, ila mwanamke mwenye buibui akipanda hana amani ya vazi wala ya roho, na lile vazi likinaswa na gurudumu ni hatari kubwa. Tuktuk ndiyo stara. Patana bei kabla ya kuketi, kisha taja Msikiti wa Jamia. Kila dereva anaujua.

Shangazi hakutaka msikiti kwanza. Alitaka Kaloleni. Nduguye alikuwa mlangoni, amevaa leso, na maembe yalikuwa hayajaharibika hata moja.