Nyekundu, Mikono Miwili

Hapa Gisenyi, watu wakisikia kwamba mimi ni mchoraji kutoka Goma, wanataka nichore vita. Nichore ile Januari ya 2025, watu na magodoro kichwani wakielekea mpakani. Mimi sitaki. Wiki tatu sasa nanakili picha moja ya Piet Mondrian.

Picha yenyewe ni ya 1930, iko Zürich, Uswisi. Ni ndogo, kama sentimita 46 kila upande: mraba mkubwa mwekundu juu kulia, buluu chini kushoto, njano kidogo kwenye kona, mistari myeusi, basi. Mama mdogo aliiangalia kwenye simu akacheka: "Hii hata mtoto wa jirani anaweza kufanya, bana!"

Ajaribu. Mistari ile haina unene mmoja. Ule mfupi wa kushoto ndio mnene kuliko yote, na ukiisawazisha picha inalala. Kuna siri ya utepe niliyojifunzia hapa: ukishaubandika, pitisha kwanza nyeupe ileile ya chini kwenye ukingo wake, ikauke, ndipo upake nyeusi. Nyeusi haipenyi. Kisha utepe unaubandua rangi ingali mbichi, polepole, kwa mshazari. Na nyeupe si moja. Ile ya kopo inang'aa mno, kwa hiyo naiongezea tone la nyeusi huku, tone la njano kule. Brashi nayo ina kazi: sehemu moja navuta wima, nyingine mlalo, na mwanga wa dirishani unazitenganisha. Goma nilikuwa naandika majina ya maduka ukutani, mteja kasimama nyuma yangu. Nani angeningoja hivi?

Mondrian naye alihama. 1938 alitoka Paris kwenda London akiogopa vita. Mabomu yakamfuata, na 1940 akavuka bahari hadi New York, mzee wa miaka 68. Picha alizozianza Ulaya alizikamilishia kule, akiongeza vipande vya rangi visivyozungukwa na nyeusi. Ndani yake hutaona meli wala moshi.

Juzi bwana mmoja alikuja, anataka kunilipa nimchoree mama analia, mtoto mgongoni. Akaona ubao wangu.

"Hiyo ni damu?"

"Hapana. Ni nyekundu, mikono miwili."

Akasema atarudi. Njano bado sijaipaka.